Kutafuta ndugu zako wa damu Uganda kama ulilelewa na watu wengine: pa kuanzia, na pale mi nilikosea

Mi nimekulia Walukuba, Jinja. Baba alikuwa polisi kwahiyo nyumbani ilikuwa Kiswahili cha baraksi toka asubuhi mpaka usiku, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama mi ni mtoto wao mpaka baba alipofariki, nikiwa na miaka 19, na kwenye kikao cha mali dada yake mmoja akasema mbele ya watu wote, "huyu hatumhesabu, huyu aliletwa." Ndo nilivyojua. Nilikaa miaka saba kabla sijaanza kutafuta, na kutafuta kwenyewe kulichukua miwili na nusu, na huo muda mwingi niliupoteza kwa makosa yangu mwenyewe. Tangu hapo nimesindikiza watu kadhaa, wengine wamelelewa hapa hapa Kampala na Mbale, wengine wameshuka na ndege kutoka Marekani hawajui hata salamu ya kwao. Haya ndo yale ninayowaambia wote, na nayaandika vile ninavyoyasema.

1. Kwanza ujue ulichukuliwaje

Usikimbilie kijijini. Kaa chini ujue wewe uliingia kwa mlango upi, maana karatasi za kila mlango ziko pahali tofauti.

Kuna walioasiliwa kabisa mahakamani. Hao wana amri ya korti, ya hakimu mkuu kama wazazi walezi ni Waganda, au ya Mahakama Kuu kama ni wageni. Alafu kuna wale waliopelekwa nje kwa karatasi ya ulezi wa kisheria, na hapa tukae kidogo. Sheria yetu ilikuwa inataka mgeni aishi Uganda miaka mitatu ndo aruhusiwe kuasili, sasa watu wakapata njia ya mkato: jaji anatoa amri ya ulezi tu, mtoto anapanda ndege, kuasiliwa kwenyewe kunafanyika huko huko Marekani. Ilienda hivyo miaka mingi mpaka sheria ya watoto ikarekebishwa 2016, ulezi wa aina hiyo ukabaki kwa raia wa Uganda peke yao, na mgeni anayetaka kuasili akatakiwa kuishi hapa na kumlea mtoto mwaka mmoja kwanza. Na msidhani ni maneno ya mtaani tu: Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mume wake, kwa biashara ya namna hiyo, ambapo wazazi wa vijijini waliambiwa watoto wanaenda kusoma na watarudi, kumbe wanatolewa moja kwa moja. Kama wewe uliondoka miaka ile na faili lako linasema yatima, tafadhali usilie bado. Inawezekana mama yako yuko hai na anakungoja umalize shule.

Alafu tuko sisi wengine, ambao naamini ndo wengi, hatuna karatasi yoyote ya korti. Mtu alikuchukua kituo cha watoto, au kwa jirani, au kwa mke mwenza aliyeshindwa, akakulea, basi. Korti haijui kama upo.

2. Anza kwa aliyekulea

Najua hii ni ngumu. Mi nilikaa miaka saba kwa sababu yake. Lakini mama aliyekulea ndo mwenye habari nyingi kuliko ofisi zote, na huyo mama anazeeka, kwahiyo usingoje.

Usimuulize mbele ya watu, na usimuulize siku mmegombana. Mi nilimkuta jikoni anachambua maharage, nikakaa nikachambua naye, alafu nikamwambia mama sitafuti mama mwingine, nataka tu kujua nilitoka wapi. Akanyamaza mpaka maharage yakaisha. Akaingia ndani akarudi na kile kisanduku cha bati cha mambo ya baba, chini kabisa kulikuwa na kadi ya kliniki, ile ya chanjo. Alikuwa ameihifadhi miaka 26!

Kadi ya kliniki muiheshimu sana. Watu wanakimbilia cheti cha kuzaliwa, na cheti mara nyingi kimetengenezwa baadaye na majina ya wazazi walezi, lakini kadi ya chanjo mara nyingi ina jina la mama, kijiji, parokia (vijiji kadhaa pamoja), gombolola (parokia kadhaa pamoja) na wilaya kama vile muuguzi alivyoambiwa siku ile ile. Cha pili ni kadi ya ubatizo kama ulibatizwa kabla ya kuchukuliwa, maana parokia ya kanisa inatunza rijista hata kama kadi imepotea. Na muulize maswali madogo madogo, sio "wazazi wangu ni nani." Ulikuja umevaa nini, nani alinibeba, alikuwa anaongea lugha gani, nilikuwa naitwa nani kabla hamjanibadilisha jina, nilikuwa na kidonda au kovu gani. Yaandike yote. Moja ya hayo usimwambie mtu yeyote, nitasema chini kwanini.

3. Sasa karatasi

Kama ulipitia kituo cha watoto, nenda mwenyewe na kitambulisho, na usiombe "taarifa zangu," omba kuona rijista ya kupokea watoto, mstari wako wenyewe. Wanapenda kukupa barua ya muhtasari. Muhtasari umeandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Kwenye mstari wa rijista kuna tarehe, nani alikuleta, amesaini au ameweka kidole gumba, na huyo aliyekuleta ndo mtu wa kutafuta kabla hujamtafuta mama.

Ofisi ya pili ni ya ustawi wa jamii wilayani, yule afisa tunamwita probesheni. Mtoto akipitishwa kwa utaratibu, huyu ndo aliyeandika ripoti ya familia. Kama uliokotwa, kuna barua ya polisi pia. Bebeni subira. Mi kwenye ofisi moja, sitaitaja, niliambiwa faili langu limeliwa na mchwa, alafu baada ya wiki mbili mtu akanipigia simu kwamba mchwa wamekubali kuliacha kwa laki tatu. Nilitoa. Nikapewa faili la mtoto mwingine kabisa. Kwahiyo sheria yangu sasa ni hii: pesa ya fotokopi nalipa, ada yenye risiti nalipa, ya simu ya usiku silipi.

Waliopita Mahakama Kuu, faili lina namba ya shauri na mwaka, na ndani yake kuna vitu vizuri sana: hati ya kiapo ya mzazi au ndugu aliyekubali, barua ya mwenyekiti wa kijiji, ripoti ya probesheni. Hata kabla hujaenda kortini ingia kwenye tovuti ya ULII, wanaweka hukumu za korti za Uganda bure, na hukumu nyingi za ulezi ziko humo, jaji ameeleza kabisa kijiji cha mtoto na nani wa familia alisimama mbele yake. Nimeshasindikiza mtu ambaye alikuta habari yake yote humo akiwa amekaa kitandani na simu.

Wa Marekani wana kitu kingine cha bure ambacho wengi hawajui. Idara yao ya uhamiaji, USCIS, ina faili lako la kuingilia nchini, na wewe ukiwa mtu mzima una haki ya kuliomba kwa sheria yao ya kuomba taarifa za serikali, FOIA. Ubalozi ulikuwa unafanya uchunguzi kuthibitisha kama mtoto ni yatima kweli, fomu yake inaitwa I-604, kwahiyo humo unaeza kukuta maelezo ambayo hata wazazi wako walezi hawajawahi kuyaona.

Alafu jambo moja ambalo nalirudia kila siku. Faili liamini nusu. Langu, nilipolipata baadaye, liliandika "mama marehemu." Mama yangu alikuwa hai, analima mihogo. Dada yake ndo aliyenipeleka kituoni akasema mama amekufa, kwa sababu aliambiwa getini kwamba wenye mama hawapokelewi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni anayelia njaa, akasema neno ambalo lingefungua geti.

4. Kabla ya safari, zisome karatasi kwa akili

Wilaya zetu zimegawanywa mpaka mtu anachanganyikiwa. Kadi yangu iliandika Kamuli, nikaenda Kamuli nikauliza parokia nzima hakuna anayejua, kumbe upande ule tangu 2010 ni Buyende. Mbale ya zamani imezaa Sironko na Manafwa, Manafwa nayo ikazaa Bududa na Namisindwa. Gulu imetoa Amuru, alafu Nwoya ikatoka kwa Amuru, na Omoro ikaja baadaye. Mukono imetoa Kayunga na Buikwe. Kwahiyo usishike jina la wilaya, shika jina la gombolola na kijiji alafu uliza leo viko wapi. Na kama ni Bududa kumbuka maporomoko ya Machi 2010 pale Nametsi, watu wengi wa kule walihamishiwa Kiryandongo, kwahiyo unaeza kutafuta mlimani wiki nzima na familia yako iko Bunyoro.

Ukiona karatasi ya zamani imeandikwa RC1, hiyo ndo LC1 ya leo, yani baraza la kijiji, ilibadilishwa jina tu. Na kuna bahati moja hapa: uchaguzi wa LC1 ulifanyika 2001 alafu haukufanyika tena mpaka Julai 2018. Miaka 17! Yani kama barua yako ni ya 2004 au 2012, mwenyekiti aliyeisaini alikaa kwenye kiti muda mrefu sana na kijiji kizima kinamjua, hata kama ameshatoka. Tafuta huyo kwa jina. Ameshika muhuri miaka yote hiyo, anajua nani alizaa na nani.

Majina nayo yanaongea, lakini kwa uangalifu. Kama kwenye kadi kuna Akiiki, Amooti, Atwooki, Abwooli, Adyeri, hayo ni majina ya empaako, yale ya kuitana kwa heshima, angalia upande wa Toro na Bunyoro. Babirye na Nakato, Wasswa na Kato, ni mapacha wa Buganda. Apio na Acen, Opio na Ocen ni mapacha wa kaskazini, na Okello au Akello amezaliwa nyuma ya mapacha. Sasa fikiria mtu umeandikwa Nakato na hakuna aliyewahi kukuambia kama una pacha... nimeona hiyo, na pacha alipatikana. Kwa Baganda jina la ukoo linaonyesha ukoo, na ukoo una mkuu wake, Gabunga ni wa Mmamba, Walusimbi wa Ffumbe, Mugema wa Nkima, na chini yao kuna matawi, ssiga, mutuba, lunyiriri, mpaka unafika luggya, uani kwa babu kabisa. Kutafuta kwa kushuka na ukoo kunachelewa lakini wazee wa ukoo wanashika watu vichwani kuliko NIRA, ile ofisi ya vitambulisho. Tena NIRA msipoteze nauli kwenda kuomba jina na kijiji cha mtu mwingine, hawatoi.

Ila angalia, majina mengine ni ya kituo tu. Mi kule niliitwa jina la mlezi aliyekuwa zamu usiku ule, na la kabila lake! Nilitafuta Ankole miezi minne kwa sababu ya jina la mlezi wa zamu.

5. Kijijini

Neno la kwanza: kama umekulia kwenye Kiswahili kama mimi, usifungue mdomo kijijini kwa Kiswahili. Sisi tunakipenda, ni lugha yetu ya nyumbani, lakini upande wa Buganda na Busoga kuna wazee wakisikia Kiswahili kinaingia uani wanakumbuka askari na panda gari, ile misako ya kupakia watu kwenye malori, wanafunga mlango kabla hujamaliza salamu. Nenda na mtu wa lugha ya pale, na afadhali awe mwanamke wa makamo. Vijana wawili kwenye boda wanaonekana kama watu wa kununua ardhi.

Unaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, siku zote, hata kama tayari una jina la mama mkononi. Ukipita bila yeye kujua unageuka mgeni asiyejulikana anayeulizia watoto, na siku hizi hiyo ni hatari. Alafu usiseme unatafuta mama yako. Sema unatafuta familia ya mzee fulani, au watu waliowahi kukaa na fulani aliyefanya kazi kiwanda cha sukari Kakira, kitu cha kweli lakini kisichomvua mtu nguo.

Hapa ndo kosa langu kubwa. Nilipopata jina na nyumba ya mama yangu, sikuweza kulala. Jumamosi nikakodi gari, nikabeba marafiki wawili, keki, na simu ya kurekodi. Tulifika mchana mume wake akiwa amekaa barazani na wazee wenzake. Nikapiga magoti nikasema mimi ni mtoto wako wa mwaka 1988. Mama akaniangalia akasema "sikujui, wewe umepotea." Akaingia ndani. Mume wake akauliza mtoto gani huyo, na sisi tukarudi Jinja na keki yetu.

Yeye alikuwa na miaka 17 aliponizaa. Aliolewa miaka minne baadaye na mume hakuwahi kuambiwa. Mi nilifikiri nakuja na furaha, kumbe nimemletea kesi nyumbani kwake. Baada ya siku ile ilichukua miezi saba, kupitia kwa dada yake, yule yule aliyenipeleka kituoni, ambaye alikuwa ameolewa Iganga. Alienda mara tatu bila kutaja jina langu hata mara moja. Mara ya nne mama akauliza mwenyewe, "yule msichana alifika nyumbani salama?"

Kwahiyo: tafuta mtu wa kati. Mama mdogo, shangazi, mjomba, mama wa kanisani au wa msikitini, mtu anayeweza kumkuta mama peke yake shambani au kisimani. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: yuko hai, amelelewa vizuri, hataki kitu, hana hasira, na ukitaka atakutana na wewe pahali utakapochagua. Acha namba ya simu. Alafu ngoja, na kungoja ni miezi. Akisema hapana, uliza kama kuna ndugu mwingine anayekubali kuongea, mara nyingi yupo.

6. Redio, kama kijiji hakijulikani

Uganda watu bado wanatafutana kwa redio na inafanya kazi kuliko fesibuku, hasa kwa wazee. Chagua redio kwa lugha, sio kwa ukubwa: CBS kwa Kiganda, Baba FM kwa Kisoga, Mega FM kwa watu wa Gulu, Radio Pacis kwa Arua. Lipia tangazo la jioni, na lirudiwe siku kadhaa, mara moja haitoshi.

Tangazo liwe namna hii: "Inatafutwa familia ya marehemu mzee fulani, aliyekuwa anakaa kijiji fulani, gombolola fulani, miaka ya themanini, mabinti zake walikuwa wawili, mmoja alikuwa anashona. Anayewafahamu apige namba hii, ni kwa jambo jema." Hakuna mtoto, hakuna kituo, hakuna Marekani. Ukitaja Marekani utapata mama kumi na nne kabla ya kulala. Tumia laini mpya ya simu, sio yako ya kila siku.

Waliotengana na wazazi kwa vita, kaskazini enzi za waasi wa LRA au wakimbizi, nendeni Msalaba Mwekundu wa Uganda, wana huduma ya kutafuta ndugu na hawatozi kitu.

7. Kuthibitisha

Kumbuka lile jambo moja nilisema usimwambie mtu. Kovu, nguo, jina la kwanza kabisa, chochote. Mtu akisema ni mama yako, muulize bila kumpa jibu. Mimi ilikuwa moto: nina kovu la kuungua nyuma ya goti la kushoto. Mama mdogo aliposema "mguu ulipona?" nilijua kabla ya maabara.

Lakini maabara nenda tu. Kufanana sura hakuthibitishi kitu, ukitaka kufanana na mtu utafanana. Serikali ina maabara yake pale Wandegeya, Kampala. Kama mzazi yuko hai, pimeni mzazi na mtoto, majibu yake yananyooka. Kupima ndugu wa baba mmoja au mama mmoja mara nyingi kunarudi na majibu ya katikati, sio ndiyo sio hapana, na nimeona familia ikivunjika kwa karatasi ya namna hiyo ambayo haikusema chochote. Kubalianeni mapema nani analipa na nani anasoma majibu. Tangu kelele za DNA za 2023, wakati wanaume walipokimbilia kupima watoto, neno lenyewe tu linatia watu hofu, kwahiyo elezeni kwamba hampimi ndoa ya mtu.

Walioko nje wanaweza kupima kwa AncestryDNA, 23andMe au MyHeritage, alafu kupeleka data kwenye GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA za makampuni tofauti. Waganda waliopima ni wachache, kwahiyo usitegemee kumkuta mama humo. Utamkuta binamu anayekaa London. Mzazi na mtoto wanashiriki kama sentimorgani (kipimo cha DNA mnayoshiriki) 3,400 na kuendelea, binamu wa kwanza kama 850. Ukiona 1,700 usipige kelele ya ndugu mara moja, maana nusu ndugu, shangazi na babu wote wanaangukia hapo hapo.

8. Siku ya kukutana

Usiende na kamera. Usiende na watu zaidi ya mmoja. Achague yeye pahali. Mama yangu alichagua kwa dada yake Iganga, akasema kwa mume kwamba anaenda msibani.

Beba sukari, sabuni, mkate, chumvi, na kama ni Buganda au Busoga na wewe ni mwanamke piga magoti unaposalimia, hata kama umekulia Boston, hakuna atakayekucheka, watakuona umelelewa. Bahasha ya pesa siku ya kwanza acha nyumbani. Usimwite mama mpaka yeye aseme. Na usimuulize "kwanini." Mi niliuliza nini alikuwa anapika siku zile, akacheka, akaanza kueleza, na ile kwanini ikaja yenyewe saa tisa jioni bila mimi kuitafuta.

Kaa masaa machache uondoke. Miili inachoka. Nililala siku mbili.

Kuna mambo ya kabila pia, ulizeni mapema. Jamaa mmoja wa miaka 32, amelelewa Kampala, alipata baba yake upande wa Bugisu, machozi, mbuzi amechinjwa, na kabla nyama haijaiva baba zake wadogo wanamuuliza kwa upole kuhusu imbalu, tohara yao, maana mwaka ulikuwa shufwa na ndo miaka ya imbalu. Alinipigia simu kutoka chooni. Hayo aliyamaliza na wazee wake, mi sikuuliza zaidi.

Na ukikuta kaburi, bado omba wakupeleke. Uliza nani ana picha, nani alimuuguza. Mara nyingi huyo aliyemuuguza ndo atakuwa ndugu yako wa kweli pale.

9. Baada ya hapo

Ardhi ndo hofu ya kwanza ya kaka zako, hata kama wanakukumbatia. Sema mwenyewe, mapema, mbele ya mwenyekiti kama inafaa, kwamba hukuja kwa shamba. Ukishasema, watu wanapumua.

Pesa itaombwa. Karo, dawa, mabati. Sio kwamba hawakupendi, ndo vile ndugu wanavyoombana, na wewe sasa ni ndugu. Chagua kitu kimoja unachokiweza, mi nilichagua karo ya mtoto mmoja, nalipa shuleni moja kwa moja, na mengine nasema sina bila kueleza sana. Usiahidi kitu siku ya kwanza ukiwa unalia.

Mama aliyekulea mpe habari zote wewe mwenyewe, asizisikie kwa jirani. Wangu aliuliza swali moja tu, kama yule mwenzake ana afya. Alafu akanipa kilo mbili za mchele nimpelekee, na yule kwa upande wake akarudisha kuku, na tangu hapo wanatumiana vitu kupitia mimi kama posta, hawajawahi kuonana.

Ratiba ya simu muipange, la sivyo mmoja atahisi anasumbua na mwingine atahisi ametupwa. Mama yangu hawezi kuongea ndani ya nyumba, mume wake bado hajui ukweli, au anajua na amenyamaza. Jumapili jioni akienda kuteka maji anapiga bip mara mbili. Hapo ndo mi napiga.